Uzi wa Kijani Kwenye Kamba

Kila asubuhi, kabla maji hayajagusa kitu, Dobi alinusa. Alivuta nguo ya kwanza kutoka kwenye furushi, akaisogeza puani kama mtu anayepima maziwa kama yamechacha, akafumba macho kidogo, halafu akaiweka upande wake. Watoto wa jirani walimcheka. Hakujali. Pua ilimwambia shati hili limelala kwenye chumba kinachovuja, gauni lile linaning'inia karibu na jiko, suruali ya fundi rangi inataka kulowekwa mapema. Akishanusa, alichukua sindano na kutia alama, fundo dogo la uzi kwenye pindo, mahali pasipoonekana, kila mteja na rangi yake. Mwalimu, njano. Mwenye duka, nyekundu. Wino hutoka kwa sabuni na karatasi huloa, lakini fundo la uzi hukaa. Nguo za nyumba nyingi zikianikwa pamoja, jioni kila moja inarudi kwao bila ugomvi.

Uzi wa kijani ulikuwa wa Funguo.

Funguo alikuwa dalali wa nyumba. Jina hilo alipewa kwa sababu ya rundo la funguo alilolining'iniza kiunoni. Ukimsikia anakuja ungedhani ni mbuzi aliyefungwa kengele. Nguo zake zilikuwa nyingi kuliko za mteja mwingine yeyote: mashuka, foronya, mapazia, mashati ya kila kipimo, magauni, vinguo vya watoto, mpaka nepi.

"Kaka, hiyo familia yako unailisha nini?" Dobi alimtania siku moja.

Funguo akacheka mpaka funguo zikacheka naye. "Ndugu ni wengi, dada yangu. Wewe fua tu."

Akafua. Ila kulikuwa na jambo lililomkera kidogo, kama uzi uliokwama kwenye meno. Nguo za Funguo zilinuka vumbi, zilinuka kukunjwa, wakati mwingine zilinuka mvua. Hazikunuka mtu. Dobi alilinyamazia. Mteja yule alilipa kwa wakati, na haikuwa kazi yake kumuuliza mtu kwa nini hatoki jasho.

Sasa, Dobi alikuwa na shida iliyomkaba koo. Ua aliofulia haukuwa wake. Mwenye ua alikuwa amechoshwa na maji ya sabuni yaliyopita mbele ya mlango wake, akamwambia kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko makelele, kwamba mwezi ukiisha atafute pengine. Haikuwa mara ya kwanza. Kila alipohama, nusu ya wateja walipotea njiani, akaanza upya kubisha hodi kwenye milango ya watu. Safari hii alikata shauri. Hahami tena kwenda kwa mtu. Atanunua nyumba ya vyumba vya kupangisha, akae chumba kimoja, vingine vimlishe siku mikono itakapogoma. Akiba yake yote, iliyotoka kwenye kukamua nguo za watu tangu ujana, ilitosha nusu ya nyumba. Nusu nyingine ilikuwa ya mdogo wake, Spana.

Spana alikuwa fundi pikipiki. Dobi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, tangu anatambaa, na mpaka leo akimwona barabarani alimtazama kwanza miguuni kama amevaa viatu. Mke wa Spana alikuwa na mimba kubwa. Chumba chao kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukitaka kufungua mlango, mmoja lazima apande kitandani. Basi Spana aliuza pikipiki aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande, akaleta pesa kwa dada yake akiwa na macho mekundu, akasema ni moshi wa gereji.

"Nusu kwa nusu, Dada. Tukipatia, tumepatia wote. Tukikosea..."

"Usimalizie," Dobi alisema.

Aliyemfundisha kupima nyumba ni Funguo mwenyewe. Alikuja kuchukua furushi lake, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akamweleza taratibu huku yeye anasuuza.

"Nyumba ya kupangisha haipimwi kwa macho. Rangi inapakwa kwa siku moja. Uliza kodi. Chukua kodi ya vyumba vyote ya mwaka mzima. Toa ya bati na mabomba, maana vitu vinaharibika. Toa ya miezi ambayo chumba kitakaa kitupu, maana mpangaji ana miguu. Kinachobaki, jiulize kitakurudishia pesa yako lini. Ukiona mpaka wajukuu waote mvi, achana nayo."

"Na nikikuta vyumba vyote vitupu?"

"Hapo unanunua matofali. Lipa bei ya matofali."

Maneno hayo yalimwingia. Na yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Wiki zilizofuata, akipeleka nguo za watu, alianza kuuliza. Aliuliza wapangaji wanalipa nini na wamekaa kwa muda gani. Aliuliza nyumba ya jirani iliuzwaje na aliyeuza alikuwa na haraka gani, maana mwenye haraka huuza chini. Aliambiwa aende kuona nyumba mara mbili, mara moja jua likiwaka na mara moja mvua ikinyesha. Alikuta mtaa wenye nyumba mbili pacha, bati lile lile, madirisha yale yale. Moja ilikuwa imejaa watu na nyingine imefungwa, na bei zake zilipishana karibu mara mbili. Mwisho alijikuta hawezi kupita mbele ya nyumba bila kuhesabu milango, na akiona kufuli lenye kutu alisikitika kama mtu aliyeona chakula kimemwagika.

Ndipo Funguo alipowaletea ile nyumba.

Ilikuwa nyuma ya karakana ya mbao, rangi ya maziwa, vyumba vimetazamana na ukumbi katikati, na uani kulikuwa na bomba. Siku waliyopelekwa kuiona, nyumba ilikuwa inachemka. Redio inaimba. Mwanamume ananyoa ndevu mlangoni na kioo amekiegemeza kwenye ndoo. Mama mmoja anamsuka mtoto, mtoto analia kwa uvivu. Na kamba zilikuwa zimejaa nguo kutoka ukuta hadi ukuta, mashuka yamevimba kwa upepo. Walipita katikati yake wakiinamisha vichwa.

Mwenye nyumba alikuwa dereva mstaafu wa malori, mrefu, mwenye sauti ndogo. Walimwita Mzee Dereva. Alisema neno moja tu la kujisifu, tena kama amelazimishwa. "Wapangaji wangu hawahami."

Spana alimfinya dada yake kiwiko. Dobi hakuhitaji kufinywa. Alikuwa amesimama mbele ya bomba, ameshaweka beseni zake pale kwa mawazo, ameshafunga kamba zake mwenyewe, ameshamwaga maji ya sabuni kwenye ua ambao hakuna wa kumkataza. Mtu akitaka kitu namna ile, macho huona kinachotakiwa. Yeye aliyenusa kila shati lililopita mikononi mwake, siku ile hakunusa kitu.

Arabuni, yaani malipo ya kushikia nyumba isiuzwe kwa mwingine, alitoa yeye kutoka kwenye pesa kidogo alizojiwekea pembeni za ugonjwa. Sharti lilikuwa wazi. Mnunuzi akighairi, arabuni imekwenda.

"Ningependa nije tena mvua ikinyesha," alimwambia Funguo.

"Mvua utaiona ukihamia, dada yangu. Wapangaji hawapendi kuchunguliwa kama kuku wa kuuzwa. Tukutane siku ya kusaini."

Siku ya kusaini ilianza na mawingu.

Funguo aliwafuata mapema kuliko walivyopatana. Alitembea mbele yao kwa hatua ndefu, funguo zikilia, na kila walipofika kona alitazama juu. Dobi alidhani anaangalia saa ya jengo la benki. Walipofika kona isiyo na jengo la benki, akatazama juu tena.

Mzee Dereva aliwapokea mlangoni amevaa mabuti ya mpira, yale marefu yanayofika karibu na magoti. Nje kulikuwa kukavu kabisa, vumbi linapepea.

Spana alimtazama miguuni. "Mzee, unakwenda kuvua samaki ukishatuuzia?"

Mzee Dereva hakucheka. Funguo alicheka kwa niaba yake, akawaingiza sebuleni haraka. Sebuleni kulikuwa na karani wa wakili, kijana mwembamba mwenye mkoba wa karatasi na muhuri, ameshakaa. Dobi alikaa kwenye kochi, akahisi kochi limekuwa refu. Alichungulia chini. Miguu ya kochi ilikuwa imepandishwa juu ya matofali. Na ya kabati. Na ya meza. Mara ya kwanza kulikuwa na vitambaa vimefunika mpaka chini.

Alitaka kuuliza. Karani alikuwa ameanza kusoma.

Alisoma mkataba kwa kasi, kama mtu anayekariri. Nyumba, mipaka, bei, vyumba na wapangaji waliomo. Spana alikuwa amepakata mfuko wa pesa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na mafurushi mawili: la kwake kwenye bahasha, na la Dobi kwenye foronya kuukuu iliyofungwa kwa uzi mweupe. Mweupe ulikuwa rangi yake mwenyewe.

Tone la kwanza liligonga bati. Kisha la pili. Kisha kukatulia.

"Endelea," Funguo alimwambia karani.

"Nimemaliza. Kaka, saini hapa."

Spana alisaini. Aliandika jina lake polepole, ulimi nje, kama alivyokuwa akiandika darasa la kwanza. Akamsukumia dada yake kalamu.

Na mvua ikaanza. Haikuwa kubwa, ile ya kunyunyiza, lakini ya kuloanisha nguo inatosha. Dobi alikuwa ameshika kalamu. Kupitia dirishani aliona kamba zimejaa kama siku ile, mashuka, mapazia, vinguo vya mtoto. Akangoja.

Ndugu yangu, hakuna mahali ambapo mvua inanyesha juu ya nguo zilizoanikwa na watu wakakaa kimya. Atatoka mmoja anakimbia, kiatu mguu mmoja. Atamwita mwenziwe, mwenziwe atamwita wa tatu, vibanio vitaanguka, mtoto atakanyaga shuka, watu watagombana. Dobi alikuwa ameisikia kelele ile maisha yake yote. Ilikuwa kama saa yake. Sasa alingoja aisikie, na ua ulikuwa kimya, na mashuka yalikuwa yanaanza kuwa mazito.

"Nguo zinaloa," alisema.

"Wenyewe watatoa," Funguo alijibu. "Saini, dada yangu, tumalize."

"Hawatoki."

"Wamekwenda kazini."

"Wote? Na yule mama aliyekuwa anamsuka mtoto?"

"Amempeleka kliniki."

"Na redio nayo imepelekwa kliniki?"

Spana aliguna kicheko kidogo kikamfia kooni, maana hakuna mwingine aliyecheka. Mzee Dereva alikuwa anatazama ncha za mabuti yake. Mvua iliongeza. Funguo alitazama dirishani, na safari hii Dobi alimwona vizuri. Nguo hazikumhusu. Alikuwa anapima mvua.

Akaweka kalamu mezani, akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kuanua. Siwezi kukaa naangalia."

"Mwanamke huyu," Funguo alimwambia karani, akijaribu kutabasamu, "hata mbinguni atauliza kamba iko wapi."

Dobi alitoka. Mvua ilimpiga mgongoni. Alianza na shuka la kwanza kwa mazoea, vibanio mdomoni, mkono wa kulia unakunja na wa kushoto unapokea. Kidole gumba kilipita kwenye pindo. Kikasimama.

Alijua kabla hajatazama. Hata hivyo alitazama. Fundo dogo, la kijani.

Alijiambia: labda Funguo ana ndugu anayepanga hapa. Alishika pazia. Kijani. Labda wanaazimana. Alishika gauni, shati, vinguo vya mtoto, akawa anatembea kando ya kamba anashika pindo kwa pindo kama kipofu anayetafuta mlango. Kijani, kijani, kijani. Nepi ile aliifua wiki iliyopita, alikuwa ameitoa doa la kutu na doa lilikuwa limebaki kivuli. Kivuli kilikuwa pale pale. Yeye ndiye aliyekuwa amewafulia wapangaji hawa. Nyumba ilikuwa imevalishwa watu, na nguo alizipiga pasi yeye.

Milango ya vyumba ilikuwa na makufuli kwa nje. Alikwenda kwenye dirisha la kwanza, akaweka viganja pembeni mwa macho. Chumba kitupu. Rangi mpya, ya maziwa, mpaka usawa wa goti. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Dirisha la pili, vile vile. Mstari ule ule, ukutani kote, umenyooka kama umepigwa rula.

Ndipo aliposikia nyuma ya ukuta wa ua kitu kinachovuma kwa sauti ya chini. Ulikuwa mtaro. Na chini ya ukuta, pale karibu na bomba lake, pale alipokuwa ameweka beseni zake kwa mawazo, maji ya kahawia yalikuwa yanaingia. Yaliingia bila haraka, kama wenyeji.

Alirudi sebuleni amekumbatia mashuka yaliyoloa. Akayaweka juu ya meza. Karani aliruka kuokoa karatasi zake.

"Jamani, mkataba," karani alisema.

Dobi alikunjua pindo la shuka, akalisogeza mbele ya Funguo, akalishika na vidole viwili.

"Hii rangi ni ya nani?"

Funguo alitazama uzi. Kwa mara ya kwanza tangu Dobi amfahamu, funguo zake hazikulia. Kisha akapumua, akaegemea kiti.

"Mwaka mzima nakuletea mashuka," alisema. "Sikujua unayaandika."

"Dada, kuna nini?" Spana aliuliza.

"Vyumba ni vitupu. Vyote. Nguo ni zake, ninazifua mimi. Wale watu wa siku ile aliwaleta. Na maji yanaingia uani saa hii, mvua yenyewe haijakolea."

Spana aligeuka kumtazama Mzee Dereva, halafu mabuti, halafu matofali chini ya kochi. Dobi aliona sura ya mdogo wake inabadilika kidogo kidogo, kama nguo inavyolowa kuanzia kwenye pindo.

Funguo hakukana. Hilo ndilo lililomtisha Dobi. Angekana angalau angekuwa na aibu. "Sawa," alisema. "Umeona. Sasa tuongee kama watu wa biashara. Nilikufundisha nini? Vyumba vitupu, bei ya matofali. Mzee atawapunguzia. Mzee?"

Mzee Dereva aliitika kwa kichwa.

"Mnanunua kwa bei ya chini. Mnapaka rangi. Jua likiwaka, nawaletea watu wangu, redio, mashuka, mnauza kwa bei ya nyumba iliyojaa. Faida yake mnanunua nyumba ya kweli, mahali pakavu. Watu wengi wameanza hivyo, dada yangu. Unadhani wenye nyumba wa mji huu walianza na nini, na sala?"

"Na atakayenunua kwetu?"

"Naye atauza kwa mwingine."

Dobi alimgeukia Mzee Dereva. "Wewe ulinunua kwa nani, mzee?"

Bati lilikuwa linapigwa kwa nguvu sasa, ikabidi ainue sauti yake ndogo. "Kwa mwanamke mmoja. Mwaka jana, kiangazi. Funguo huyu huyu alinileta, nikakuta watu wamejaa." Akagusa pembe ya shuka mezani. "Nakumbuka nilimwambia marehemu mke wangu, watu wasafi hawa, tazama mashuka yao yalivyo meupe. Pensheni yangu yote."

Dobi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imesinyaa kwa maji, kama siku zote.

"Usijitazame mikono hivyo," Funguo alimwambia, sasa kwa sauti ya chini, karibu na sikio. "Hukuuza wewe. Ila ulikula. Sabuni uliyonunua, kodi uliyolipa, hata hiyo arabuni uliyonipa, nusu yake ilitoka kwenye mashuka haya. Tuko chungu kimoja. Kaa chini."

Alikaa. Alijua Funguo hajadanganya hapo. Na kitu kingine kilikuwa kinasema ndani yake, kwa sauti iliyofanana na yake mwenyewe: mwezi unakwisha, ua huna, arabuni imekwenda ukitoka. Mtaro huchimbwa. Ukuta hupandishwa. Bomba lipo.

"Dada," Spana alisema, na Dobi akajua kabla hajaendelea. "Tusikie bei kwanza."

"Spana."

"Tusikie tu. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nimeshamwambia mwenye chumba tunahama. Pikipiki sina. Nikitoka hapa nakwenda wapi, kwa nani?" Hakupandisha sauti. Alikuwa ameukumbatia mfuko mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Tutauza haraka. Kabla mvua kubwa hazijaja. Mara moja tu, Dada."

"Mtu atakuja hapa na pesa yake ya maisha kama hii uliyoipakata."

"Na sisi je? Sisi hatukuja nayo?"

Karani alijikohoza. "Mimi niseme jambo moja. Karatasi ina wanunuzi wawili. Saini moja haitoshi. Kama mama hasaini, hii ni karatasi tu."

Basi wote walimtazama Dobi. Kalamu ilikuwa mbele yake, imelala kwenye maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mashuka. Mlangoni, ulimi mwembamba wa maji ya kahawia ulikuwa umefika kwenye kizingiti, ukasita, ukapanda, ukaingia. Mzee Dereva alikunja zulia kwa mguu, bila hata kutazama, jinsi mtu anavyomfukuza paka aliyemzoea.

Dobi alimtazama mdogo wake kuanzia miguuni. Viatu vyake vilikuwa vimeanza kuloa.

"Nipe furushi langu," alisema.

"Dada, subiri."

"La foronya. Lenye uzi mweupe."

"Ukilichukua, yangu haitoshi. Unajua haitoshi."

"Najua. Ndiyo maana."

Spana alikaa kama hakusikia. Funguo alinyoosha mkono, akauweka juu ya mfuko, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto wa mwenziwe. "Usigombane na dada yako, bwana mdogo. Mwache apoe. Nje mvua inanyesha, hawezi kwenda popote."

Labda ni mkono ule. Spana aliutazama, mkono wa mtu mwingine juu ya pikipiki yake iliyogeuka pesa, akautoa kwa nyuma ya kiganja. Akafungua zipu. Akatoa foronya, akaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa dada yake bila kumtazama usoni.

"Twende," Dobi alisema.

Spana hakuinuka. "Arabuni yako ile. Ngoja niombe angalau arabuni."

"Hatakupa. Twende."

"Nenda tu, Dada."

Dobi alisimama. Aliweka furushi ndani ya gauni, kifuani, akajifunga khanga juu yake. Kalamu aliiokota kwenye maji, akaipangusa kwa pindo la nguo yake na kumrudishia karani, kwa kuwa ilikuwa kalamu ya mtu. Mashuka aliyaacha pale mezani.

"Peleka nguo zako kwingine," alimwambia Funguo.

"Na wateja wako wakijua uliwafulia akina nani?"

"Nitawaambia mwenyewe. Nitaanza na mwalimu. Alikuwa anatafuta nyumba."

Kizingitini maji yalimfika vifundoni, ya baridi. Uani, nguo alizozibakiza zilikuwa bado zinaning'inia, nzito, zinagusa matope. Mikono ilimwasha. Hajawahi kupita chini ya kamba yenye nguo zinazoloa bila kuzianua, tangu amejua kusimama. Alipita akiwa ameinamisha kichwa, shuka moja likampiga shavuni, akalisukuma kwa bega, akaendelea. Bomba lilikuwa limezama nusu. Hakulitazama mara mbili.

Alipofika langoni alisikia nyuma yake, sebuleni, kiti kinakwaruza sakafu. Hakujua kama mdogo wake anainuka au anasogea karibu na meza. Angegeuka angejua. Alilishika furushi la kifuani, akafungua lango na kutoka. Mtaani watu walikuwa wanakimbia na nguo mikononi, wanaitana. Alitembea katikati yao. Kwenye nyumba ile hakurudi.